Pima kome, si sangara tu

Ndugu, kupima sangara peke yake hakutoshi kujua kama mafuta ghafi yanavuja Ziwa Albert, lililo kati ya Uganda na Kongo. Ini la samaki huvunja hidrokaboni za mafuta, yaani kemikali zilizomo ndani yake, na kuzitoa kupitia nyongo, kwa hiyo mnofu unaweza kuonekana safi huku maji yamechafuka. Tena sangara anahama: leo Kaiso upande wa Uganda, kesho upande wa Kongo. Kome, yule mnyama wa maji mwenye magamba mawili, yuko palepale, anachuja maji kutwa, na kwa kuwa hana uwezo mkubwa wa kuvunja hidrokaboni hizo, zinarundikana mwilini. Marekani wanapima kome na chaza wa pwani zao tangu 1986, mpango unaitwa Mussel Watch. Huko ni baharini zaidi, lakini kome wa maji baridi hutumika vilevile, na Albert wapo.

Ila moshi wa kuni na injini za boti nazo hutoa hidrokaboni za jamii hiyo. Lazima kuwe na vipimo vya kabla ya mafuta ya Kingfisher, kitalu cha mafuta cha Uganda hapo ziwani, kuanza kutoka, la sivyo tutabaki kusingiziana. Na kome wasihifadhiwe wiki kadhaa kwenye maji safi kabla ya kupelekwa maabara, watajisafisha.