Tiketi ya bei nafuu Mombasa–Nairobi ukiwa na mtoto wa miezi saba: jibu kwa mwenzetu wa Chumbageni, Tanga

Mdogo wangu, nimesoma swali lako na majibu yote uliyopewa. Umesema baba mtoto yuko Nairobi, mtoto ana miezi saba, umeona tiketi ya ndege ya Mombasa–Nairobi ambayo bei yake imekushangaza kwa udogo, na hujui uikate au upande basi hapo stendi ya Kange ukaumie njia nzima. Nusu ya waliokujibu wanasema mtoto mchanga hapandishwi ndege, masikio yatapasuka. Hao waache. Wanangu wote wawili nimewapandisha ndege za namna hiyo wakiwa bado wananyonya, kwa njia hiyo hiyo ya kuvuka mpaka wa Horohoro kwenda kupandia Mombasa. Ile saa moja ya angani ndiyo nyepesi kuliko yote. Kazi iko kwenye bei, barabarani, na siku ya kurudi.

Tuanze na bei. Unayoiona kwenye simu ni ya mtu mzima mmoja, mikono mitupu. Sisi wa Tanzania somo hili tulilipata kwa Fastjet, ilipoanza kuruka Dar–Kilimanjaro na Dar–Mwanza mwishoni mwa 2012. Tangazo lilisema kuanzia shilingi 32,000, kisha kwa maandishi madogo, kabla ya kodi. Shirika lenyewe kwetu halipo tena lakini mtindo haukufa: unauziwa kiti, halafu unauziwa begi, halafu unauziwa kuchagua kiti, hata maji ya kunywa. Upande wa Kenya wanaojulikana kwa mtindo huo ni Jambojet, watoto wa Kenya Airways, walioanza mwaka 2014. Sioni ubaya wake. Ubaya ni kuujulia kaunta.

Sasa mtoto. Kwenye basi la Dar mtoto wa mapajani haandikwi popote, kondakta hamtazami. Ndege si hivyo. Chini ya miaka 2 hana kiti, anakaa mapajani kwako, lakini ni lazima jina lake liwe kwenye tiketi na ana malipo yake, kidogo kuliko yako. Ukikata tiketi, tafuta pale pa kuongeza mtoto mchanga, na jina uliandike kama lilivyo kwenye hati yake, herufi kwa herufi. Nyumbani anaitwa Babu au Chiku, humo hayumo. Mtu mzima mmoja anaruhusiwa mtoto mmoja tu wa mapajani, kwa hiyo kama ulifikiria kumchukua na wa wifi yako, hapana.

Na hapa ndipo wengi wanapotokwa jasho: kwenye tiketi za chini kabisa mtoto analipiwa lakini mara nyingi hana mzigo wake. Pampasi, nguo, thamosi, uji wa lishe, vyote vinahesabiwa kwenye begi lako la mkononi, na mengi ya mashirika haya yanakupa kilo 7 tu. Kilo 7 ni kidogo, mdogo wangu. Niliwahi kusimama nyuma ya mama mmoja kwenye kaunta, shirika silitaji, begi lake likapandishwa mizani mara tatu, akitoa hiki akivaa kile, mwisho akalipia mzigo zaidi ya alivyolipia safari. Mtoto analia mgongoni, foleni nzima inamtazama. Begi la kupeleka chini ya ndege lilipie mapema, pamoja na tiketi. Ukilipia uwanjani siku ya safari bei ni nyingine kabisa.

Ukishajumlisha tiketi yako, ya mtoto na begi, ndipo uamue. Kati ya waliokujibu yupo aliyekushauri treni ya SGR na watu wakamcheka. Hakukosea. Ile treni inatoka Miritini, Mombasa, mpaka Syokimau, Nairobi, kwa saa tano au sita, daraja la kawaida ni shilingi 1,500 za Kenya tangu bei zilipopanda 2024, na mtoto wa mapajani halipiwi nauli. Unasimama, unatembea naye kwenye korido, unambadilisha bila kubanwa. Hesabu yako ya ndege ikizidi mara nne ya hiyo, mimi ningepanda treni na chenji ningemnunulia mtoto sweta, maana Nairobi ya mwezi wa saba si mchezo kwa mtoto wa pwani. Ikiwa chini ya hapo, panda ndege.

Barabarani sasa. Kutoka Tanga hadi Horohoro ni kama kilometa 65 za lami, ukivuka Lungalunga, upande wa Kenya, unabakiwa na mia na kidogo mpaka Mombasa. Umbali si tatizo, tatizo ni mpaka. Kadi ya kliniki si hati ya kusafiria, hata kama ina picha ya mtoto na mihuri yote ya hospitali ya Bombo. Mtoto anatakiwa na pasipoti yake au hati ya dharura kutoka Uhamiaji, na ili upate chochote kati ya hivyo unahitaji cheti cha kuzaliwa cha RITA. Kama cheti hakijatoka, anzia hapo kabla hujalipa senti kwa mtu yeyote, kwa sababu tiketi za bei hiyo kwa kawaida hazirudishiwi hela. Beba na barua ya baba mtoto yenye sahihi yake na nakala ya kitambulisho, inayosema anajua unasafiri na mtoto. Huenda hutaulizwa. Ukiulizwa huna, hapo unaanza kupiga simu ukiwa kwenye jua la Horohoro na baba mtu yuko kazini hapokei.

Kadi ya njano chukua yako. Chanjo ya homa ya manjano hutolewa kuanzia miezi tisa, kwa hiyo wa kwako bado. Na kama kadi yako ni ya zamani imeandikwa mwisho miaka kumi, usikubali kuambiwa imekufa: tangu Julai 2016 chanjo moja inahesabika kwa maisha yote.

Jambo dogo ambalo huwa linasahaulika: pampasi chafu usizifunge kwenye mfuko wa rambo. Kenya walipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, sisi Juni 2019, na mpakani wanaangalia. Shona kimfuko cha kitambaa, ndani tia kipande cha mpira wa kitanda cha mtoto. Unafua, unatumia tena.

Ukitoka Lungalunga usiende kuvukia Likoni. Kivuko na mtoto mgongoni, mizigo, jua na watu wale, halafu ndege inakungoja, ni kujitafutia presha. Siku hizi ipo barabara ya Dongo Kundu inayokutoa upande wa Kwale mpaka upande wa uwanja wa ndege wa Mombasa, ule wa Moi, bila kugusa kivuko. Mwambie dereva mapema, asikupeleke kwa mazoea. Na kabla ya kukata hiyo ya Mombasa, angalia pia ndege za kutoka Ukunda, kule Diani. Uwanja ni mdogo, uko kabla ya Mombasa ukitokea kwetu. Ndege zake ni chache, lakini ukipata bei inayokaribiana umeokoa saa nzima ya barabara.

Muda: watu watakwambia chukua ndege ya asubuhi kwa sababu ucheleweshaji hujilimbikiza kadiri siku inavyokwenda. Ni kweli, ila huyo anayesema hivyo analala Mombasa. Wewe unatoka Tanga. Ondoka alfajiri, kata ya alasiri, na ujue inaweza kuchelewa. Kwa hiyo pampasi na chakula vihesabu vya siku nzima, usihesabu vya saa moja.

Ukaguzi hauna maneno. Ile sheria ya mililita 100 za kimiminika ina nafasi kwa maziwa na chakula cha mtoto kwa kiasi cha safari. Vitoe mwenyewe kwenye begi uwaoneshe, wanaweza kukuomba ufungue chupa. Kigari cha mtoto mashirika mengi hukichukua bila malipo, lakini kwa ile safari mimi sikibebi. Ndege zenyewe nyingi ni zile za mapanga yanayozunguka kwenye mabawa, unapanda kwa ngazi kutoka chini, na mbeleko inashinda kigari chochote. Viti vilivyo usawa wa mapanga vina kelele na mtikisiko zaidi, kwa hiyo ukipewa nafasi ya kuchagua bure, omba vya nyuma. Choo chake ni kidogo hata wewe peke yako utajikunja, basi mbadilishe mtoto kabla ya kuitwa kupanda.

Ukikaa, mhudumu atakuletea kimkanda kidogo kinachopitishwa kwenye mkanda wako. Kama hakuleta, omba. Usimfunge mtoto ndani ya mkanda wako mwenyewe. Ndege ikishtuka uzito wako wote unambana yeye. Watakuambia pia umtoe kwenye mbeleko wakati wa kuruka na kutua. Usibishane nao.

Haya, masikio. Ndege ikiwa juu, hewa iliyomo ndani haibaki kama ya Tanga. Inapunguzwa mgandamizo mpaka ni kama umesimama juu kileleni Usambara, na mpaka wake wa juu ni hewa ya kama mita 2,400. Kupanda huwa hakusumbui sana, kinachouma ni kushuka, pale hewa ya nje inaporudi na kubana ngoma ya sikio. Wewe unameza mate, mrija unaounganisha sikio na koo unafunguka, yanaisha. Mtoto mrija wake ni mfupi na mwembamba, na hajui kumeza kwa makusudi. Kwa hiyo ummezeshe wewe: ziwa, chupa, au hata kidole chako kisafi anyonye.

Ila sikiliza hili, kwa sababu hakuna aliyekuambia. Uwanja wa Nairobi uko mita zaidi ya 1,600 juu ya bahari. Maana yake ukienda, hewa ya ndani ya ndege na hewa ya pale unapotua hazitofautiani sana, na mtoto anaweza kutua akiwa amelala, ukasema kumbe walikuwa wananitisha bure. Kurudi ndiko kwenye kazi, maana Mombasa unashuka mpaka usawa wa bahari. Wangu wa pili alikwenda kimya kabisa, akarudi akilia kuanzia ndege ilipoinamisha pua mpaka matairi yalipogusa chini.

Basi siku ya kurudi usimnyonyeshe akashiba ukumbini. Mwache na njaa kidogo. Safari ni ya saa moja na kushuka huanza kama dakika 20 au 30 kabla ya kutua, kwa hiyo usingoje tangazo la mikanda. Masikio yako mwenyewe yakianza kuziba, au mlio wa injini ukipungua, hapo hapo mpe ziwa. Akiwa amelala mwamshe taratibu. Najua kumwamsha mtoto aliyelala kunauma roho, lakini akilala hamezi, na ataamka mwenyewe kwa maumivu.

Kama ana mafua siku hiyo, mrija umeziba na yote niliyokuandikia hayasaidii sana. Mpeleke aangaliwe kabla. Sikio likiwa na usaha au homa iko juu, ahirisha hata kama hela itapotea. Na yule aliyekushauri Piriton ili mtoto alale njia nzima, usimfuate. Dawa za kulaza hazishauriwi kwa mtoto wa umri huo bila daktari, na kuna watoto zinawageuza: badala ya kulala anachachamaa.

Umeuliza pia utafanyaje akilia na watu wakukodolee macho. Watakutazama, kisha mama mmoja wa Kimombasa atanyoosha mikono akuambie lete huyo. Mpe, ila ndege isiwe inashuka. Wakati wa kushuka mtoto akae kwako, kwenye ziwa lake, hata huyo mama awe mkarimu vipi. Na kwa kuwa bado hujalipa, tarehe ya kurudi iweke mbali kidogo na chanjo yake ya miezi tisa, asije akapanda akiwa na homa ya sindano.