Nilivyopata Jina la Profesa Miiba

Juzi msomaji mmoja wa Sengerema kanitumia picha: mmea wa miiba, majani yenye mabaka meupe, ua la njano. "Kaka, si ndiyo ile dawa ya malaria uliyokuwa ukiisifia? Mwanangu anachemka, nimpe vikombe vingapi?"

Moyo ulinilipuka. Nikamwandikia: mpeleke akapimwe, sasa hivi.

Kweli niliisifia. Argemone mexicana, ndugu wa ule mpopi wa afyuni, asili yake Meksiko. Nilikuwa nimesoma utafiti wa Mali uliotolewa mwaka 2010: wagonjwa 301, mchemsho wa mmea huu ukawatosha asilimia 89 kwa siku 28, dawa mseto asilimia 95. Nikajiona nimeokota dhahabu Geita. Kwamba kule kipimo cha mchemsho kilipangwa na wagonjwa wakafuatiliwa, hilo nililiruka.

Basi nikaugua. Nyuma ya nyumba yetu Nyegezi nikang'oa shina zima, vitumba vya mbegu vikiwemo, nikajaza sufuria. Mke wangu akasema, "Baba Neema, twende tukapime kwanza." Nikamwambia yeye ni mtu wa vidonge. Siku ya pili homa ikashuka, nikatamba mpaka kwa majirani. Siku ya tano nilipakiwa kwenye bodaboda kama gunia la dagaa, mtu nyuma akinishika nisidondoke. Mpaka leo shemeji zangu wananiita Profesa Miiba. Wanacheka wao. Mimi sicheki.

Na bahati yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyojua. Berberini, kemikali ya mimea inayotajwa sana kwenye habari ya malaria, imo humo, ila mbegu zina sanguinarini, sumu inayofanya mishipa midogo ivujishe maji: miguu inavimba, pumzi inabana, moyo unachoka. Mwaka 1998 kule Delhi mafuta ya haradali yaliyochanganyika na mafuta ya mbegu hizi yaliua watu zaidi ya 60. Mbegu zenyewe zinafanana na haradali.

Najua wengi mnaonisoma mnataka kuheshimika kwenye tiba asili, kama mimi. Vizuri. Basi pima kwanza. Mbegu usiguse. Mtoto usimjaribie. Na pima kwanza, narudia, maana hata mimi niliambiwa mara moja nikaona haitoshi.

Jana jioni yule wa Sengerema kanijibu. Mtoto hana malaria kabisa. Ni sikio.