Pikipiki Iliyong'aa Ndiyo Iliyoniangusha

Wiki iliyopita niliuza pikipiki yangu ya kwanza, niliyoiendesha kwa miaka sita kati ya Nkuhungu na Mtumba hapa Dodoma, na mnunuzi, mzee mmoja wa Bahi, aliizunguka mara tatu kabla ya kuniuliza kama niliipaka rangi upya. Sikuipaka. Rangi ya tangi ni ile ile iliyotoka nayo dukani, na jibu hilo nililitoa kwa majivuno ambayo mke wangu ananitania nayo hadi leo. Kwa kuwa ninyi mnaonisoma, kama mimi, mnatamani kutoka pikipiki moja kwenda mbili na kisha tatu, naona si vibaya nikieleza nilivyojifunza kuosha chombo hiki, ingawa somo lenyewe lilianzia zahanati.

Mwaka wa kwanza sikuwa naosha mwenyewe. Kila Jumamosi niliipeleka kwa waoshaji wa kando ya barabara, ambao waliipiga kwa mashine ya presha injini ikiwa bado ya moto, wakaisugua kwa sabuni ya unga, kisha wakachukua chupa ya dizeli na kuipulizia kuanzia injini hadi rimu. Iling'aa kama imetolewa kwenye boksi. Jumamosi moja nililipa, nikaondoka, na kabla sijafika mbali bajaji iliyokuwa mbele yangu ikasimama ghafla kushusha abiria. Nilishika breki ya mbele. Mkono wa breki ulikuwa mgumu kama siku zote, lakini gurudumu liliendelea kuzunguka kana kwamba sikugusa kitu, kwa sababu pedi zilikuwa zinateleza juu ya diski yenye dizeli. Nililalia ubavu wa kushoto. Kiwiko kilichunika, taa ya mbele ikapasuka, nami nikaishia zahanati.

Niliporudi kwa mwenye eneo lile, hakuinua hata macho kutoka kwenye noti alizokuwa akihesabu. "Kaka, pikipiki yako ilikuja hapa ikiwa mbovu," alisema. Ni miaka mitano sasa, na sentensi hiyo bado inanichoma.

Fundi wangu alibadilisha pedi, maana pedi ikishakunywa mafuta haioshwi ikarudi kuwa salama. Kwa kuwa gurudumu lilikuwa limeshafunguliwa, alitoa na beringi, akaivika kidoleni na kuizungusha karibu na sikio langu. Ilikwaruza kama mchanga ndani ya wali. Grisi yote ilikuwa imegeuka uji wa rangi ya kutu. Akanieleza kwamba mpira wa kuziba beringi umetengenezwa kuzuia vumbi na maji ya mvua, si maji yanayosukumwa na mashine kutoka umbali wa kiganja, na kwamba beringi za usukani pamoja na boksi la chujio la hewa huharibiwa kwa njia hiyo hiyo.

Tangu siku hiyo naosha mwenyewe, kwa ndoo mbili za lita 20, jambo ambalo kwa mji wenye mgao wa maji kama wetu si dogo. Kwanza naiacha ipoe kivulini angalau nusu saa, kwa sababu maji baridi juu ya chuma cha moto yanaweza kukipinda au kukipasua. Naziba mdomo wa ekzosi kwa mfuko wa plastiki. Kisha namwaga maji taratibu ili vumbi litoke lenyewe, kwani vumbi letu, hasa la miezi ya upepo, ni mchanga mtupu, na anayelifuta likiwa kavu anapiga msasa tangi lake. Ndoo moja ina shampuu ya magari, ya pili ni ya kusuuzia sifongo. Naanza juu na kumalizia magurudumu kwa kitambaa kingine kabisa. Maji ya visima vya huku yana chumvi, hivyo nakausha mara moja kabla hayajaacha madoa meupe.

Mnyororo ndio unaotaka subira. Simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, zima injini, weka ufunguo mfukoni. Nasema mfukoni, si kwenye swichi, kwa sababu jirani yangu aliona ni rahisi zaidi kufuta mnyororo huku injini ikiuzungusha, na leo kidole chake kimoja hakina ncha. Sugua kwa mswaki wa zamani na mafuta ya taa, si petroli, futa hadi ukauke, tia oili ya gia upande wa ndani, kisha futa inayozidi. Oili inayobaki nje hukamata vumbi, na mchanganyiko huo hula meno ya sproketi, yaani gia inayoshika mnyororo.

Vijana wenzangu, tuache kupenda mng'aro kuliko uhai. Dizeli isikaribie breki. Polishi ya tairi isipakwe mahali tairi linapogusa lami. Na narudia kuhusu dizeli, kwa kuwa najua wapo watakaosoma haya na Jumamosi wakaenda kupuliziwa: isikaribie breki, iwe ya diski au ya drumu. Ukimaliza kuosha, endesha polepole mahali pasipo watu huku ukishika breki kidogo kidogo hadi uhisi zimekauka na zinakamata.

Mzee wa Bahi alipokwisha kunilipa, aliniuliza kwa sauti ya chini ni dizeli ya kituo gani ninayoipulizia hata ikang'aa hivyo. Nilimvutia kigoda, nikamwomba mke wangu alete chai.