Maswali na Majibu: Wanatupima Furaha, Dawa Hawaulizi

Barua za hojaji za afya ya akili zimejaa mezani, kwa hiyo wiki hii najibu hizo tu.

Sista, kampuni yetu hapa Westlands imetutumia hojaji ya "ustawi wa wafanyakazi". Wanasema haiandikwi jina. Nina baipola, ule ugonjwa wa hisia kupanda kupita kiasi kisha kushuka, na natumia dawa. Niseme ukweli? (Nakuwekea maswali yenyewe.)

Jina halimo, lakini soma tena ukurasa wa kwanza: idara, jinsia, umri, miaka uliyofanya kazi. Katika idara ya watu saba, mwanamke wa miaka arubaini na kitu aliyeajiriwa kabla ya korona ni mmoja, na wote wanamjua. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya, ya 2019, inaziweka habari za afya yako kwenye kundi la data nyeti, na una haki ya kuelezwa zinakusanywa kwa kazi gani na nani atazisoma. Uliza kwa maandishi kabla ya kujaza. Wakinyamaza, acha wazi.

Kuna jambo hukuuliza, nami sitalipita. Hayo ni maswali matano ya Shirika la Afya Duniani, ya mwaka 1998: je, wiki mbili zilizopita ulikuwa mchangamfu, mtulivu, mwenye nguvu, uliamka umepumzika, siku zako zilijaa mambo ya kukuvutia? Kila jibu ni 0 hadi 5, na jumla huzidishwa kwa 4 ifike 100. Ni kipimo kizuri cha kumgundua mtu anayezama kwenye unyogovu. Sasa mchukue mwenye baipola aliyepanda: hajalala siku tatu, amemaliza pesa za chama, ana mipango kumi. Huyo anaweza kupata 100. Mpe dawa, atulie, arudi kazini. Asubuhi ataamka mzito kwa sababu ya tembe na alama zitashuka. Anayesoma karatasi tu atadhani ugonjwa umezidi, kumbe ndiyo kwanza anapona. Unachohitaji wewe ni ruhusa ya kwenda kliniki bila kukatwa mshahara, na zamu isiyokunyima usingizi. Katika maswali hayo matano, hakuna hata moja linalofika hapo.

Nimejaza ile hojaji ya maswali 9 kwenye simu nikapata 13. Nina unyogovu?

Nimeshaandika juu ya hili, na bado mnaniletea alama kana kwamba ni matokeo ya mtihani. Kuanzia 10 kati ya 27 ni ishara ya kumwona mhudumu wa afya. Si jina la ugonjwa. Tezi ikiharibika, damu ikipungua, hata msiba wa juzi, alama zitapanda, na simu haikupimi damu. Nenda kliniki. Lakini kama kwenye swali la 9, lile la mawazo ya kufa au kujidhuru, uliweka chochote kisicho 0, usijumlishe tena: zungumza na mtu leo hii. Msalaba Mwekundu wanapokea simu bila malipo kwa nambari 1199.

Mama alimwambia mhojaji kwamba hajawahi kufikiria kujiua, na sisi nyumbani tunajua alishawahi kujaribu. Kwa nini adanganye?

Alijikinga. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, na angeweza kufungwa hadi miaka miwili. Ni Januari 2025 tu ambapo Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mama yako ameishi umri wake chini ya sheria hiyo, kisha anakuja kijana asiyemjua, na kishikwambi mkononi, anamuuliza swali hilo kwenye nyumba ya mabati ambayo kila neno linavuka ukuta. Mwenye kulaumiwa ni aliyepanga mahojiano yafanyike hivyo. Namba zitakazotoka hapo zitaonyesha kwamba mtaa wenu ni salama, na mshauri hataletwa.

Wewe muulize, mkiwa wawili, bila haraka. Kumuuliza mtu kuhusu kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Wengi hupumua.

Hojaji ni ya Kiingereza, nimjazie baba?

Hapana, msomee kwa lugha yake na uandike anachosema yeye, hata kama hukipendi.

Huku Mathare wahojaji hawaishi. Wa mwisho aliniambia nifikirie ngazi ya 0 hadi 10, nikasema 6. Ngazi hiyo ni ya nini?

Ni ya mwanasaikolojia Mmarekani Hadley Cantril, ya mwaka 1965: 0 ni maisha mabaya kabisa unayoyawazia, 10 ni mazuri kabisa. Ndiyo hutumika kuzipanga nchi kwa furaha katika ile ripoti ya dunia inayotoka kila mwaka. Mtu hujipima kwa jirani na kwa jana yake. Ukitoka wodini wiki iliyopita, 6 ni ushindi. Ukipoteza duka, 6 hiyo hiyo ni maumivu. Wewe unaishi karibu na Hospitali ya Mathari, ya wagonjwa wa akili, iliyoanza mwaka 1910, na ngazi hiyo haiwezi kumwambia mtu yeyote pale ni dawa gani iagizwe. Akija mwingine, muulize matokeo yatasomwa lini kwenye baraza la mtaa wenu. Asipokuwa na tarehe, una haki ya kukataa.

Ile furaha ya taifa ambayo serikali ilisema itapima kila mwaka ni wazo zuri?

Lilikuwa pendekezo la jopo la serikali la afya ya akili, lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga, daktari wa akili, mwaka 2020. Mimi ningeanza kwa kuhesabu zahanati zilizoishiwa dawa.

Kaka yangu amelazwa muda mrefu. Huwa anahesabiwa?

Kwenye tafiti zinazopita nyumba kwa nyumba, hapana: hayumo nyumbani. Wala ukiwa nyumbani huna hakika. Sensa ya 2019 ilipata walemavu asilimia 2.2, kwa maswali ya kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Wasiwasi na unyogovu havikuulizwa. Mtu anayeona, anayesikia na kutembea lakini hawezi kutoka kitandani alipita kama mzima, na bajeti hufuata hesabu.

Kanisa letu Kayole linataka kufanya hojaji ya afya ya akili kwa vijana. Tuanzie wapi?

Anzeni na atakayejibu "ndiyo". Mtampeleka wapi, na nani atamsindikiza? Kisha waketisheni mezani vijana waliougua, waandike maswali wao. Nina hakika watauliza haya: mwezi uliopita ulikosa dawa, na ni kwa kuwa hazikuwepo, kwa bei, au kwa nauli? Ulifukuzwa kazi au shule? Kuna aliyekufungia ndani? Unataka usaidiwe nini kwanza? Kule Zimbabwe, tangu 2006, akina nyanya waliofunzwa huuliza maswali machache, halafu anayeuliza ndiye anayebaki na wewe kwenye benchi, mkishughulikia tatizo ulilolichagua mwenyewe. Hilo benchi mnaliweza hapo uani kwa kanisa. Kama mshauri hamna bado, msichapishe hojaji Jumapili hii. Pesa za karatasi zilipieni mafunzo ya mama wawili wanaoaminika mtaani, na hojaji ingoje.