Mrija, mkono na mshono baada ya kukatwa ziwa

Dada wa Wete, pole kwa kuuguza. Umeuliza kama mama, aliyekatwa ziwa siku sita zilizopita baada ya kumaliza dawa za kemo (za kutibu saratani), auache mkono wa upande huo bila kuusogeza mpaka kidonda kipone. Hapana. Bega litakaza, na kulilegeza baadaye ni kazi ngumu. Tangu sasa afumbe na kufumbua ngumi, akunje kiwiko, apandishe na kushusha mabega: mara 10 kila zoezi, mara 3 kwa siku. Asinyanyue mkono kupita bega mpaka mrija (mpira mwembamba unaotoa maji ya kidonda chini ya ngozi na kuyaingiza kwenye chupa) utolewe na daktari aruhusu. Ndipo atambaze vidole ukutani, kila siku juu kidogo.

Kuhusu mrija, nawa kwa sabuni, asubuhi na jioni pima kwa mililita maji yaliyoingia kwenye chupa yake, andika, kisha yamwage. Kabla ya kuifunga chupa iminye hewa itoke, la sivyo haivuti na maji hujaa chini ya ngozi. Kwa kawaida mrija hutolewa maji yakishuka chini ya mililita 30 kwa saa 24, siku mbili mfululizo.

Kuteka maji, kufua na kukuna nazi asiguse kwa wiki 6 hivi, hata akijihisi mzima. Msipake liwa wala asali kwenye mshono. Kama tezi za kwapa zimetolewa, presha apimwe mkono wa upande usiopasuliwa.

La kuogopa zaidi ni homa, maana kemo hupunguza kinga. Ikifika nyuzi 38, au usaha ukitoka, au mkono ukivimba ghafla, nendeni hospitali usiku huohuo. Tafadhali msingoje kupambazuke.