Terminali tatu za nini?

SWALI: Fundi salaam. Mie niko Kisauni, nina kazi ya mteja mwenye duka la spea, nimeiandika kwa TypeScript (lugha ya programu inayogeuzwa kuwa JavaScript) nikaigawa folda tatu, moja ya vitu vya pamoja kama hesabu za bei, moja sava, moja kurasa za mbele. Kila asubuhi nafungua terminali tatu, kila moja tsc -w (kikompaili cha TypeScript, hiyo -w hukifanya kichunge faili na kukompaili kila zikibadilika), feni ya laptopu yalia kama tuktuk imepakia watu sita. Na siku nikisahau kuwasha ile ya pamoja nashinda nafukuza kosa ambalo nishalirekebisha zamani. Wenzangu mwafanyaje?

JIBU: Pole kaka, hata mie nimelipitia hilo. Dawa unayo mkononi, ni tsc hiyo hiyo ila kwa -b (build, yaani kujenga folda zote kwa mpangilio), iko tangu TypeScript 3.0 ya mwaka 2018 na bado watu kibao hawaijui. Shida yako ni kwamba zile tsc tatu hazijuani, hakuna inayojua nani amtegemea nani.

Basi zijulishe. Kwenye tsconfig.json (faili la mipangilio ya tsc) ya kila folda weka "composite": true ili iweze kutegemewa na nyengine, halafu ya sava na ya kurasa uziongezee "references" inayoelekeza ../pamoja. Kisha juu kabisa, nje ya folda zote, tengeneza tsconfig.json nyengine yenye references za zote tatu na "files": [], na hiyo files tupu usiisahau wallahi, ukiiacha itabeba kila faili na kukompaili mara ya pili. Ukimaliza andika tsc -b -w, itaanza na ya pamoja ndio ifuate waitegemeao, na ambayo haijaguswa yarukwa.

Kumbukumbu za kilichokwisha kompailiwa yaziweka kwa faili la .tsbuildinfo. Hapo ndipo watu huumia: wafuta dist (folda ya JavaScript iliyotoka) kwa mkono, lile faili limebaki nje yake, tsc yasema kila kitu kiko sawa na haitoi hata faili moja. Tumia tsc -b --clean. Na kama toleo lako ni la kabla ya 5.6, kosa moja kwa ya pamoja lasimamisha wote waitegemeao, usidhani imeharibika.

Ukiwa kwa Linux na ukaona kosa la ENOSPC ("nafasi imeisha") usianze kufuta video za harusi, diski haijajaa, ni idadi ya faili zinazoruhusiwa kuchungwa ndiyo imeisha (kernel za zamani, yaani kiini cha Linux, kawaida ni 8192), ongeza mpangilio wa fs.inotify.max_user_watches basi.

Ila tsc yakompaili tu, sava haiiwashi upya. Kwa hilo fungua terminali nyengine uweke node --watch (huiwasha sava upya kila faili likibadilika) na faili la sava lililoko dist. Najua, hizo ni mbili sasa, lakini si tatu.