Uko Uyole, tovuti inasema Dar

Dada, umeuliza kwa nini uko Uyole, Mbeya, na intaneti ya waya ya ofisini, lakini tovuti zinakuona uko Dar es Salaam. Kompyuta yako haina kosa. Tovuti inatazama anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha muunganisho wako mtandaoni, kisha inauliza kampuni kama MaxMind au IPinfo anwani hiyo iko wapi. Nazo hukadiria kwa vipimo vya mtandao na kumbukumbu za usajili za AFRINIC, shirika linalogawa anwani za IP Afrika, ambazo mara nyingi hazishuki hadi kwenye mji.

Dawa anayo mtoa huduma wako. Tangu 2020 kuna utaratibu wa wazi, ulio kwenye hati ya kiufundi ya intaneti iitwayo RFC 8805: anaweka mtandaoni faili la maandishi, kila mstari ukiwa na kundi la anwani, nchi, mkoa na mji. Wa kwenu, baada ya anwani, ungeandikwa TZ (Tanzania), TZ-14 (namba ya mkoa wa Mbeya), Mbeya. Kiungo cha faili anakitaja kwenye kumbukumbu zake za usajili ili kampuni kama MaxMind walichukue. Akihamishia anwani hizo Iringa bila kurekebisha faili, kosa linarudi palepale.

Hili linaniuma, maana duka la Mwanjelwa likilipia tangazo la wateja wa Mbeya, linaweza kuishia kwa watu wa Kariakoo.

Kwa data za simu usitegemee sana: wateja wa mikoa mingi huweza kutumia anwani moja. Ila kwa waya, waandikie mtoa huduma leo, taja anwani yako ya IP na uwaombe hilo faili. MaxMind nao wana fomu ya masahihisho, ijaze pia.